Namba 4,294,967,297: Mifano Mitano Haikutosha

Mwanafunzi aonapo kanuni imekubali mara tano mfululizo, huelekea kuamini kwamba itakubali daima. Namba 4,294,967,297 ni onyo dhidi ya mazoea hayo, kwani ilimponyoka hata mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alizichunguza namba zenye umbo la 2ⁿ + 1, ambapo n ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila moja ikiwa maradufu ya iliyoitangulia. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akasadiki kwamba zote zifuatazo ni tasa pia, ingawa alikiri kuwa hakuwa na uthibitisho.

Ya sita, 2³² + 1, ndiyo namba yetu. Kuipima kwa kujaribu kila kigawo ni kazi ya kuchosha: namba tasa zilizo chini ya 65,536 ni 6,542. Lakini mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kwamba ni zao la 641 na 6,700,417. Katika maandishi yake ya baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, huacha baki 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641 na kadhalika. Nne za kwanza hushindwa. Ya tano hufaulu.

Msomaji aweza kuhakikisha jambo hili bila kugawanya. Kwanza, 641 ni 640 + 1. Kwa kuwa x⁴ − 1 hugawanyika daima kwa x + 1, basi 641 hugawanya 640⁴ − 1, yaani 5⁴ × 2²⁸ − 1. Pili, 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Tukizidisha kwa 2²⁸ twapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³², ambayo nayo hugawanyika kwa 641. Tukitoa ile ya kwanza katika hii ya pili, hubaki 2³² + 1. Basi nayo hugawanyika kwa 641.

Tangu hapo, namba za Fermat kuanzia ya 6 hadi ya 33 zimethibitika kuwa si tasa. Hakuna tasa nyingine ya aina hii inayojulikana, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: kokotoeni n² + n + 41, mkianzia n = 0. Majibu ya mwanzo yote ni tasa. Je, ni n ipi ya kwanza itakayoivunja kanuni, na kwa nini?