Paka wa Jirani na Sumu ya Usiku

Katika Sinza na Kijitonyama, jijini Dar es Salaam, viwanja vingi vilivyopimwa miaka ya 1970 ni vidogo, na nyumba zimekaribiana mno. Ukuta huzitenga jamaa mbili, lakini paka haujali. Hulala kwa huyu, huwinda kwa yule, na haja yake huenda kuifukia katika tuta la mchicha la mtu wa tatu.

Basi mama huamka alfajiri akakuta kifuniko kimeanguka, vibua aliowakaanga usiku hawapo, na vifaranga 9 wa jana wamebaki 6. Juu ya bati paka shume wawili wamepigana usiku kucha, na mtoto mchanga hakulala. Hasira ya mama huyu ni ya haki kabisa. Anayemwambia avumilie hajanunua samaki siku nyingi.

Hatari huanza pale hasira hiyo inapokwenda dukani kutafuta sumu. Nyama iliyotiwa sumu na kuachwa uchochoroni haimchagui mlaji. Huweza kuokotwa na kuku ambaye kesho atachinjwa, au na mtoto anayetambaa. Paka mwenyewe hufa kwa mateso, pengine ndani ya dari, ambako harufu itawafikia wote. Kisha panya hurudi kwa amani. Tena iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili wa namna hiyo. Wako pia wanaomtia paka katika gunia wakaenda kumtupa sokoni. Hao wamelihamishia tatizo kwa wengine tu.

Lililo gumu, nalo ndilo litangulialo, ni kubisha hodi. Wengi wetu tu radhi kumlaani paka kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ukuta kuliko kumwendea mwenyewe. Nenda jioni, hasira ikiwa imepoa, wala usifuatane na mashahidi. Sema, "Jirani, huyu paka wetu ametushinda, tufanyeje?" Neno "wetu" hapo si unafiki: panya anaowakamata si wa nyumba moja, na huenda mchele wako umesalimika kwa ajili yake. Jirani akiwa mkaidi, ndipo jambo lifike kwa mjumbe.

Mwenye paka naye ana wajibu. Paka anayeshindishwa njaa, ati awe hodari wa panya, hujifunza kwanza masufuria ya jirani. Na ahasiwe. Jike huweza kushika mimba angali na umri wa miezi 5 hivi, huibeba kwa siku zipatazo 63, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, kupigana na kurusha mkojo kutani. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, si ya kijana mwenye wembe. Nyumba 4 au 5 zikichangia gharama, haitamwelemea mmoja.

Jikoni, bibi zetu wa pwani hawakuwa na friji. Walikuwa na susu, wakaitundika juu na chakula kikasalimika. Kawa peke yake paka huisukuma. Vifaranga wafunikwe tenga lenye jiwe juu, na tuta jipya litandazwe matawi ya miiba hadi miche iote, kwani paka hupenda udongo uliotifuliwa. Matumbo ya samaki yafukiwe shimoni. Mama mjamzito asizoe kinyesi cha paka, maana huweza kuwa na vimelea vya kumdhuru mtoto tumboni. Azoe mtu mwingine, tena kila siku, kwa kuwa vimelea hivyo havianzi kuambukiza kabla ya siku 1 hadi 5.

La mwisho ni kuumwa. Paka, kama mbwa, huweza kupatwa na kichaa, na dalili zikisha kumtokea mtu, tiba ya kumponya ni kama hakuna. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni alama ndogo ya jino. Huko wataulizia paka. Aliye hai na anayejulikana kwao huweza kufungiwa na kutazamwa kwa siku 10. Aliyelishwa sumu na kutupwa jalalani hatazamiki tena.