Miezi Minane Bila Mshahara

Asubuhi Tunduma, mpakani na Zambia, huanza na foleni. Malori yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo yamejipanga kando ya barabara kuu, madereva wananunua chapati na chai ya rangi bila kushuka, na ndani ya ofisi za mawakala wa forodha vijana wameshawasha kompyuta, wanahangaika kontena livuke mapema. Mji huu unaishi kwa makaratasi: forodha, benki, bima, usafirishaji. Na ni humo humo ofisini ambamo, mvua ya kwanza ya Novemba ikigonga bati, mtu husikika akisema kwa utani ambao si utani sana, "Mwakani hamnikuti hapa. Naenda zangu kulima."

Hana haja ya kuota. Shamba analiona dirishani kila akipanda basi kwenda msibani. Kilomita 40 hivi kutoka Tunduma kuelekea Mbeya ni Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mbele kidogo ni Mlowo, na huku na huku ni kahawa, mahindi, maharage na migomba ya Wilaya ya Mbozi. Wilaya ya Ileje ni milima na baridi. Momba, ukishuka kuelekea Kamsamba na bonde la Ziwa Rukwa, unakuta joto, mpunga na ufuta. Ni mikoa michache inayompa mtu uchaguzi wa namna hii ndani ya safari ya siku moja.

Ardhi basi ipo, na mvua ipo. Kinachowaangusha wengi wanaotoka ofisini ni kalenda.

Songwe ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Tuseme mfanyakazi anaaga mwishoni mwa Oktoba, baada ya kutoa notisi ya siku 28 ambayo sheria ya kazi inaitaka kwa anayelipwa kwa mwezi. Mahindi yake atayapanda mwishoni mwa Novemba au Desemba. Atayavuna yakishakauka, Juni au Julai. Hapo katikati ni miezi minane, na Januari imo ndani yake, pamoja na ada, sare na madaftari. Imo pia miezi ambayo shamba lenyewe linadai: mbolea ya kupandia, palizi, mbolea ya kukuzia, dawa ya viwavijeshi vamizi, wadudu walioingia nchini mwaka 2017 na hawajaondoka. Mtu aliyezoea simu kuita "mshahara umeingia" kila mwisho wa mwezi hujikuta anatoa tu, wiki baada ya wiki, kwa kitu ambacho bado ni majani.

Kazi yenyewe nayo ina hesabu zake. Mahindi hupandwa kwa kamba, sentimeta 75 kati ya mstari na mstari, sentimeta 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja kila shimo. Ekari moja kwa vipimo hivyo ina mashimo karibu 18,000. Kila shimo linataka mbolea kama nusu kizibo cha soda, kisha udongo kidogo ili mbolea isiunguze mbegu, kisha mbegu, kisha udongo tena. Aliyekaa miaka 10 kwenye kiti cha kuzunguka huijua ekari siku hiyo, na huijua kwa kiuno. Ndiyo maana wengi huishia kulipa vibarua, jambo ambalo halina ubaya isipokuwa kwamba halikuwamo kwenye ile bajeti nzuri iliyochapwa ofisini.

Na faida ya hesabu hizo? Wastani wa mavuno ya mahindi nchini kwa miaka mingi umekuwa kati ya tani moja na nusu na tani mbili kwa hekta, yaani magunia sita hadi manane kwa ekari. Mbegu bora, mbolea na palizi ya mapema vinaweza kuuzidisha wastani huo mara mbili na zaidi, hasa kwenye udongo wa Mbozi. Lakini hata chukua huo wa chini. Ukikadiria gunia moja kwa mtu kwa mwaka, ekari moja inailisha familia ya watu sita. Ongeza maharage, bustani ya mboga, kuku wa kienyeji na migomba nyuma ya nyumba, familia hiyo inakula bila kwenda sokoni isipokuwa kwa chumvi, sukari na mafuta. Kwa maana ya chakula, kujitosheleza Songwe si jambo gumu. Bibi na babu wa Kinyiha na Kinyamwanga wamelifanya bila kuliita jina lolote. Gumu ni ada ya shule, mfuko wa mbolea, na kitanda cha hospitali. Hivyo havioti.

Kwa hiyo lazima kiuzwe kitu, na hapa ndipo mpaka unapoingia shambani.

Juni 2017 serikali ilizuia mahindi ghafi kuuzwa nje ya nchi. Bei Nyanda za Juu Kusini ikaporomoka, na aliyekuwa amelima kwa kuutazama mji wa Nakonde, ng'ambo ya pili upande wa Zambia, akabaki na magunia ndani. Miaka saba baadaye mambo yakageuka. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na baadaye mwaka huo Tanzania, kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ikakubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Shamba ni lile lile, mbegu ni ile ile. Mwandishi wa bajeti ya kilimo aliyekaa Tunduma anapaswa kuwa na safu moja ya ziada kwenye jedwali lake kwa ajili ya matangazo ya mawaziri wa nchi mbili.

Anayeweza kungoja hupata zaidi. Julai kila mtu anauza, tena gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, kwa mnunuzi mwenye haraka. Kufika Januari bei kwa kawaida imepanda. Lakini kungoja kunataka vitu viwili: fedha ya kula huku unangoja, na ghala lisilo na dumuzi. Mdudu huyu alionekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wa huko, kwa jinsi alivyokuwa akibomoa, walimpa jina la lori: Skania. Kwa mji wa foleni za malori, jina hilo linachekesha kidogo. Siku hizi wengi hutumia mifuko isiyopitisha hewa. Mdudu hufia ndani kwa kukosa pumzi, bila dawa.

Kahawa ni subira ya aina nyingine. Mche hukaa kama miaka mitatu kabla ya kutoa zao la maana, na kama si aina iliyoboreshwa, chulebuni na kutu ya majani vitakuwa vinausubiri. Kituo cha Mbimba cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, kiko Mbozi hapo hapo, na ni vizuri mtu akaanzia huko kabla ya kununua miche kando ya barabara. Miaka mitatu hiyo hulimwa maharage katikati ya mistari. Mwenye kahawa iliyoshika mizizi, chama chake cha msingi kikiwa kinaendeshwa vizuri, ana kitu kinachokaribiana na mshahara, ila kinakuja mara moja kwa mwaka.

Kuna mambo ya ofisini ambayo mtu huyaona yakishaondoka. Kadi ya bima ya afya ni la kwanza. La pili ni mafao: sheria zilizoanza kutumika mwaka 2018 ziliondoa fao la kujitoa na kuleta fao la kukosa ajira, nalo ni la aliyeachishwa, halimhusu aliyeandika barua mwenyewe. La tatu halisemwi sana. Mtaji wa kilimo wa wafanyakazi wengi ni mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Siku mshahara unapokoma, mlango huo wa benki unafungwa, na aliyeishiwa mwezi Februari hujikuta anabisha kwa wakopeshaji wa kausha damu. Na hata ruzuku ya mbolea, ambayo katika msimu wa 2022/2023 iliushusha mfuko wa kilo 50 wa DAP hadi shilingi 70,000, inakwenda kwa mkulima aliyesajiliwa. Anayekuja kijijini Novemba bila jina lake kwa mtendaji amechelewa tayari.

Kuacha kazi kwenda kulima hakukuanzishwa na kizazi cha simu janja. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuta wafanyakazi ambao mshahara wao uliisha kwa siku chache, wakiacha ajira kwa ajili ya shamba na miradi midogo kwa sababu hiyo ndiyo iliyowalisha. Hawakuwa wakitafuta utulivu wa moyo. Walikuwa wakitafuta unga. Viongozi nao wana mfano wao: Mwalimu Nyerere aliondoka Ikulu mwaka 1985 akarudi Butiama kulima, na Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa 2008 hadi 2015 aliyependa kujiita mtoto wa mkulima, ana shamba lake Zuzu, Dodoma. Ni mifano mizuri, ila kiongozi mstaafu analima akiwa na mafao. Karani wa forodha hana.

Labda ndiyo maana Tunduma imejaa watu wa njia ya kati. Ijumaa jioni wanapanda Noah kwenda Mlowo au Mpemba. Jumamosi wako shambani na ndugu wanayelima naye kwa makubaliano ya kugawana, wanahesabu mistari, wanagombana kuhusu dawa, wanalipa vibarua kwa simu. Jumapili usiku wanarudi na nusu gunia la maharage na mkungu wa ndizi miguuni. Jumatatu saa moja na nusu mtu huyo yuko mezani, udongo mwekundu bado umo kwenye kucha, na dereva wa kwanza anasubiri nyaraka zake. Barua ya kuacha kazi imo kwenye simu, imekamilika, imewekewa hadi orodha ya nakala. Kilichobaki wazi ni tarehe.