Kwa Nini Mgonjwa Hukonda Baada ya Upasuaji

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jana katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru anaweza kuamka leo akiwa na joto la nyuzi 37.8, mapigo ya moyo ya haraka na sukari ya milimoli 10 kwa lita, ingawa hajawahi kuugua kisukari. Ndugu huingiwa na hofu. Mara nyingi, hata hivyo, hiyo ni kazi ya mwili wenyewe.

Kisu cha daktari, mfupa uliovunjika katika ajali ya bodaboda na maambukizi makali ya damu hupeleka ubongoni ujumbe mmoja, yaani hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, ini huachilia sukari yake, na insulini hupungukiwa nguvu misulini ili sukari ibakie kwa ubongo, kidonda na seli za kinga. Akiba ya ini huisha kwa takriban siku moja. Hapo mwili huanza kuvunja misuli yake.

David Cuthbertson alilipima jambo hili mjini Glasgow katika miaka ya 1930. Mkojo wa watu waliovunjika mifupa mirefu ulikuwa na naitrojeni nyingi kupita ile ambayo ingeweza kutoka mahali palipoumia. Misuli ya mwili mzima ilikuwa ikilipa. Mwaka 1942 alieleza vipindi viwili, ambavyo mtu wa pwani angeviita kupwa na kujaa. Kwanza mwili hupoa na kubana matumizi; kisha joto na mapigo hupanda na misuli hupungua kwa siku kadhaa, au kwa majuma ikiwa mgonjwa ni mahututi.

Kwa hiyo chakula ni sehemu ya tiba. Mgonjwa mwenye kilo 60 huweza kuhitaji gramu 90 za protini kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu. Mtori unaoletwa wodini ni chakula chema, lakini ndizi ni wanga. Kumpa mgonjwa mchuzi na kuiacha nyama sufuriani ni kumpunja. Maziwa mgando, maharage na mayai vifuate mara daktari anaporuhusu kula.

Kufunga kupita kiasi nako huongeza mzigo. Kwa wagonjwa wengi, saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji zinatosha kabla ya ganzi. Kumlaza mtu na njaa tangu jioni hadi alasiri ya kesho yake hakumkingi zaidi. Blanketi pia si anasa katika baridi ya Arusha ya Juni na Julai, kwani kutetemeka hula oksijeni. Na kulala kitandani bila kutembea hunyong'onyeza misuli hata ya mtu mzima wa afya.

Sukari iliyopanda itibiwe inapozidi milimoli 10, ila mgonjwa asiandikiwe kisukari cha kudumu kabla ya kupimwa tena akiisha kupona. Joto linalopanda upya baada ya siku ya tatu, kidonda kutoa usaha, kuchanganyikiwa au kupumua kwa kasi ni habari nyingine: muuguzi aitwe wakati huohuo.