Kibuyu Kimoja, Mrija Mmoja

Begi nililiacha kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Palermo, nikashuka hadi Rambla, njia inayofuata ufuko wa Montevideo, Uruguay, kwa zaidi ya kilomita 20. Maji yale ya kahawia ni ya mto, Río de la Plata, ila ng'ambo yake haionekani. Jua lilikuwa linazama. Watu wamekaa juu ya ukuta, wazee kwa vijana, na wengi wamebana chupa ya chai kwapani, mkononi kibuyu kidogo.

Kinywaji chenyewe ni mate, majani makavu yaliyosagwa, machungu, yanayonywewa kwa mrija wa chuma. Jina lilitoka kwenye neno la Kikechua la kibuyu. Kwetu lina maana nyingine kabisa, na Mswahili akiona mrija mmoja ukipita midomo mitano anaweza kusita. Asisite. Anayemimina hunywa wa kwanza, maana funda la mwanzo ndilo chungu zaidi. Kisha hujaza tena na kumpa anayefuata, ambaye hunywa mpaka mrija ulie, ndipo akirudishe kibuyu kwa yule yule. Mrija haukorogwi. Maji hayachemki, yasije yakaunguza majani.

Mimi nilipopewa nilishukuru, kama nilivyolelewa. Kibuyu hakikurudi kwangu tena. Baadaye kijana mmoja alinieleza kwa upole: "gracias" hapa husemwa na aliyetosheka.

Jumapili ndiyo iliyonishika moyo. Katika mitaa ya Barrio Sur na Palermo wapigaji wa ngoma za candombe waliwasha moto kando ya njia, wakazielekeza kwenye ndimi zake ili ngozi zikaze, kama tunavyofanya sisi. Ngoma ni tatu: chico ndogo isiyobadili mwendo, sawa na chapuo, repique inayoitika na kuchokoza, na piano, vumi lao. Kila moja huning'inia begani, hupigwa kwa fimbo na kiganja. Ni urithi wa Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi wao wasemaji wa lugha za Kibantu, na UNESCO iliutambua mwaka 2009. Hata maneno yalibaki: mashambani Uruguay kisima huitwa cachimba.

Msafara wa wapigaji ulipopita, majivu yalikuwa bado yanafuka. Jirani niliyesimama naye akaninyooshea kibuyu. Nilikipokea kimya.