Mbwa wa Kunusa Pembe na Uzee Wake

Mbwa tunayemweleza hapa si wa kuwinda, wala si wa kulinda nyumba usiku. Kazi yake ni kufichua pembe za ndovu na za kifaru, na magamba ya kakakuona, yaliyofichwa katika mizigo. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa hao, na wengi wamefundishwa pamoja na walezi wao huko Usa River, karibu na Arusha. Wametumika Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam.

Watu hudhani kwamba mbwa huyo ajua thamani ya pembe. Hajui. Katika mafunzo yake harufu ya pembe imefungamanishwa na mpira: akiinusa, akaketi kimya bila kubweka wala kukwaruza, mlezi humtupia mpira acheze. Huo ndio ujira wake wote. Kwa hiyo yampasa mlezi kuwa mwaminifu, maana akimdokeza hata kwa jicho, mbwa ataketi penye mzigo usio na kitu, na msafiri asiye na kosa atapekuliwa bure.

Tena pua si mashine. Mbwa akishikwa na joto hutweta, na atwetaye hawezi kunusa vema. Basi hufanya kazi kitambo kidogo, kisha hupelekwa kivulini akanyweshwa maji. Katika bandari ya Kilindini, penye makasha ya chuma yasiyohesabika, imejaribiwa njia ya kumpunguzia taabu. Hewa ya ndani ya kasha huvutwa kwa pampu ipite katika kichujio, naye mbwa huletewa vichujio avinuse, badala ya kuzungushwa juani kasha baada ya kasha. Mbugani ana adui mwingine, mbung'o, amwambukizaye nagana, ugonjwa uwezao kumwua.

Walezi wengi hawakukua na mbwa nyumbani. Huku pwani, ambako Waislamu wa madhehebu ya Shafi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, si ajabu wazee kustaajabu wamwonapo kijana wao akimchana mbwa manyoya. Lakini mlezi ndiye amlishaye na kumkagua masikio na nyayo, na kwa hiyo ndiye wa kwanza kutambua uzee.

Uzee huo huja upesi, yapata mwaka wa nane au wa tisa. Mbwa husita kuruka garini, na nyonga hukakamaa. Pua yaweza kuwa nzima bado, na hapo ndipo penye shauri gumu, kwa kuwa mkubwa wa kazi huona hasara kumwondoa mbwa aliyefundishwa kwa gharama nyingi. Sisi twaona kumtumikisha mpaka aanguke ni dhuluma, na hata hesabu yake si nzuri, maana mwenye maumivu hupitwa na mzigo.

Akistaafu hana pensheni. Amfaaye zaidi ni mlezi wake, lakini pengine mshahara hautoshi nyama na dawa, au nyumba za kazi hazina ua. Basi atakayemlisha na atakayelipa hawana budi kujulikana mbwa angali kazini. Chakula chake kipunguzwe, asinenepe. Wala asiachwe kukaa bure, kwani aliyezoea kutafuta huhangaika. Jioni mpira ufichwe nyuma ya pipa; mbwa mzee atazunguka polepole, atauona, ataketi kimya, angoje kutupiwa.