Adha za Skrini ya Pili

Mtu ambaye riziki yake imo katika kuandika, kutafsiri au kupiga hesabu kwa kompyuta mpakato hachelewi kutambua, kwa maumivu ya shingo na mabega, kwamba chombo hicho kiliundwa kwa ajili ya safari zaidi kuliko kwa ajili ya makao, maana kioo chake na kibodi yake vimeungwa kwa bawaba, wala hakuna njia ya kukiinua kioo kifikie usawa wa macho bila ya kuiinua na kibodi ikakaa mahali ambapo mikono haiwezi kuandika kwa raha. Ndipo shauri la kuongeza skrini ya nje linapomjia, nalo ni shauri jema kabisa. Skrini kubwa ikisimamishwa mezani kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukilingana na macho au ukiwa chini yake kidogo, mhasibu huweza kufungua daftari la hesabu upande mmoja na stakabadhi upande wa pili, na mtafsiri akaweka asili na tafsiri sambamba, pasipo kufungua dirisha hili na kufunga lile mchana kutwa.

Neema hiyo naitaja mapema, ili isidhaniwe kwamba adha nitakazozieleza zinatokana na ubaya wa skrini yenyewe. Nyingi ya hizo, kwa maoni yangu, zina chanzo kimoja: watengenezaji wameyafanya matundu ya vyombo vyao yafanane kwa sura ilhali yanatofautiana kwa kazi, kisha wakamwachia mnunuzi aigundue tofauti hiyo akiwa amekwisha kulipa fedha zake, na aghalabu akiwa amekwisha kujilaumu kwa ujinga ambao si wake.

Hali haikuwa hivyo tangu awali. Tundu la VGA, lililokuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, lilikuwa na matundu madogo 15 yaliyopangwa safu tatu, matano matano, na waya wake ulikazwa kwa parafujo mbili. Lilikuwa kubwa na halikupendeza, lakini kila aliyeliona alijua kwamba linapitisha picha, na kwamba halipitishi kitu kingine. Baadaye likaja DVI mwaka 1999, HDMI ikatangazwa mwishoni mwa 2002, DisplayPort ikafuata mwaka 2006, na hatimaye, mwaka 2014, ikaja USB-C, tundu dogo la mviringo wa yai lenye njia 24 za umeme, ambalo waya wake huingia hata ukiugeuza juu chini, na ambalo laweza kupitisha umeme wa kuchaji, mafaili na picha, yote kwa waya mmoja. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kanuni za USB-C zinaruhusu kazi hizo zote pasipo kumlazimisha mtengenezaji kuzitia zote. Kompyuta mbili zaweza kuwekwa bega kwa bega dukani, matundu yao yasitofautiane hata kwa unywele, na moja ikatoa picha ilhali nyingine inapokea chaji na kuhamisha mafaili tu. Kadhalika waya: ule uliokuja na chaja ya simu, ijapokuwa ncha zake ni za USB-C, mara nyingi haukutiwa nyuzi za kubeba picha. Mtu huuchomeka, skrini humwandikia kwamba haipati mawimbi, naye huifunga katika boksi lake na kuirudisha dukani akidai ni mbovu. Wako watengenezaji wanaochapa alama ndogo pembeni mwa tundu kuonyesha kuwa linatoa picha, nao wanastahili shukrani. Lakini wengi hawachapi kitu, wala sioni udhuru wao, kwa kuwa wino wa alama hiyo hauwezi kuwa gharama kubwa kwa anayeuza chombo cha bei kama ile.

Adapta nazo zina fitina yake. Mwenye kompyuta yenye HDMI na skrini yenye DisplayPort akienda kuulizia waya wenye ncha hizo mbili, muuzaji humpa na kumwambia, “Huu utakubali tu, ndugu yangu,” naye muuzaji husema hivyo kwa nia njema. Lakini waya wa kawaida wa namna hiyo hufanya kazi upande mmoja pekee: hutoa picha katika kompyuta yenye DisplayPort na kuipeleka katika skrini yenye HDMI, na ukigeuzwa haufanyi lolote. Anayetaka njia ya kinyume hana budi kununua adapta yenye chipu ya kugeuza mawimbi, ambayo ni ghali zaidi na aghalabu huhitaji umeme wake yenyewe. Ni vivyo hivyo kwa anayetaka kuunganisha HDMI na projekta kuukuu la VGA katika ukumbi wa semina, maana HDMI hupeleka picha kwa tarakimu na VGA huipokea kwa mawimbi, na kati ya lugha hizo mbili lazima pawe na mkalimani.

Hata matundu yakipatana, kazi haijesha. Kabla ya picha kuonekana, skrini huieleza kompyuta habari zake kama mgeni aliyepiga hodi anavyoulizwa jina na kwao kabla ya kukaribishwa. Habari hizo zimehifadhiwa katika chipu ndogo ndani ya skrini, kwa utaratibu uliowekwa na VESA, jumuiya ya wenye viwanda, mwaka 1994, nazo katika umbo lake la asili ni baiti 128 tu: jina la mtengenezaji, ukubwa wa kioo, na idadi ya nukta za mwanga kinazoweza kuonyesha. Sindano moja ya waya wa VGA ikipinda, ile inayopitisha habari hizo, picha yaweza kuja, lakini kompyuta, kwa kutojua inazungumza na nani, hujihadhari na kutoa picha duni ya nukta 1024 kwa 768, herufi zikavimba na duara zikawa mayai. Nimemwona karani mwenye subira akiishi na picha ya namna hiyo, akiamini kwamba macho yake ndiyo yaliyopungua nguvu, ilhali kilichohitajika kilikuwa waya mpya.

Fauka ya hayo kuna suala la wingi wa nukta. Skrini ya kawaida ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080. Ile iitwayo 4K ina 3840 kwa 2160, yaani mara nne kamili, zaidi ya milioni nane. Kuzichora nukta zote hizo mara 60 kila sekunde kunataka waya na matundu yanayobeba takriban gigabiti 12 kwa sekunde, mbali na ziada za njiani. HDMI ya toleo la 1.4, la mwaka 2009, ukomo wake ni gigabiti 10.2, toleo la 2.0, la mwaka 2013, hufika 18. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya tundu la zamani akinunua skrini ya 4K ataiona picha nzuri iliyotulia, lakini mara atakapousogeza mshale wa kipanya ataona unarukaruka, kwa kuwa picha inachorwa mara 30 tu kwa sekunde. Hakuna kilichoharibika, wala hakuna fundi wa kukitengeneza. Dawa iliyopo ni kuteremsha idadi ya nukta katika mipangilio.

Na herufi je? Kioo cha inchi 14 na skrini ya inchi 24 zikiwa na nukta sawa za HD kamili, kile kidogo hubana nukta 157 katika kila inchi, na kubwa huzitandaza 92. Herufi inayosomeka vyema juu ya skrini huwa ndogo mno katika kioo, na ukiikuza kwa asilimia 150 huku, dirisha likivutwa kwenda kule hubadilika ukubwa ghafla au likafifia kama linalotazamwa kupitia ukungu. Windows ilianza kutambua kipimo cha kila skrini mbali mbali katika toleo la 8.1, mwaka 2013, na mwaka 2017 ikaongeza ustadi. Hata hivyo programu nyingi za zamani, hasa zile za mahesabu ambazo ofisi hazithubutu kuzibadili, hazijui habari hiyo, na picha yao hunyooshwa tu kwa nguvu.

Ya sauti ni mepesi, ila huaibisha: HDMI hubeba na sauti, basi kompyuta ikiona skrini huipelekea sauti yote, hata kama skrini haina spika, na mtu aliye katika mkutano wa mtandaoni hudhani wenzake wamenyamaza. Wanaotumia televisheni ya sebuleni badala ya monita hukuta kingo za picha zimekatwa, pamoja na saa na kitufe cha kuanzia, kwa sababu televisheni imerithi desturi ya zamani ya kuikuza picha kidogo. Tiba yake imo katika menyu ya televisheni, penye ukubwa wa picha, wala si katika kompyuta.

Wako pia waliozuiwa kuongeza skrini na chipu kuu ya kompyuta yenyewe. MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka mwaka 2020, iliendesha skrini moja tu ya nje, na ile ya M3, ya mwaka 2024, ikaruhusu mbili kwa sharti kwamba kifuniko kifungwe.

Linalowakera wengi kila siku, hata hivyo, ni madirisha yanayohama. Mtu huenda kuswali au kula chakula cha mchana, skrini inasinzia, na skrini nyingi za DisplayPort zikisinzia huonekana kwa kompyuta kana kwamba zimechomolewa. Kompyuta hukusanya madirisha yote na kuyarundika katika kioo kidogo, na mwenyewe akirudi hukuta mpangilio wa asubuhi nzima umevurugika. Windows 11, ya mwaka 2021, ina kisanduku katika mipangilio ya skrini, sehemu ya skrini nyingi, kinachoagiza mahali pa kila dirisha pakumbukwe kwa kufuata skrini iliyounganishwa, nacho husaidia sana. Programu nyingine hukumbuka mahali pake kwa namna yake yenyewe, na mtu akienda nyumbani na kompyuta peke yake hufungua dirisha lake pale ambapo skrini ya ofisini ilikuwa, pasipoonekana. Katika hali hiyo, programu ikiwa imechaguliwa katika mstari wa chini, dirisha huvutwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto au wa kulia, mpaka lirudi mbele ya macho.