Pikapu ya bei nafuu: Kilomita pekee hazitoshi kuamua

MFANYABIASHARA mdogo wa Dar es Salaam anayetafuta pikapu ya kubebea saruji, mboga au kreti za soda mara nyingi hujikuta mbele ya magari mawili yenye bei zinazokaribiana. Moja ni kuukuu, lenye injini ya dizeli ya mtindo wa zamani, na limekwisha kutembea kilomita zaidi ya 300,000. La pili ni la miaka ya karibuni, rangi yake inang'aa, na mita inaonyesha kilomita 150,000 tu. Wengi hulikimbilia hilo la pili, na kama fedha ni za mkopo au za kiinua mgongo, haraka hiyo yaweza kumfilisi mtu kabla ya mwaka kwisha.

Jambo la kwanza la kutilia shaka ni mita yenyewe. Pikapu ya kazi iliyotumika miaka 15 na kusoma kilomita 120,000 ingekuwa imetembea wastani wa kilomita 22 kwa siku, umbali usiotosha kwenda Mbagala na kurudi Kariakoo mara mbili. Mita hurudishwa nyuma kwa urahisi, ila raba za pedali zilizolika, usukani uliochakaa na mlango wa dereva unaoning'inia havirudishwi nyuma. Vilevile, muuzaji akidai kuwa Hilux ya toleo la mwaka 2005 hadi 2015 imetoka Japani, ni vyema aulizwe zaidi, kwani toleo hilo halikuuzwa katika soko la Japani. Toyota ilisitisha mauzo ya Hilux huko mwaka 2004 na kuyarejesha mwaka 2017.

Swali kubwa ni injini. Hilux za zamani zenye injini za 3L na 5L, pamoja na Nissan zenye TD27, hazina turbo wala kompyuta ya kusimamia mafuta. Ni nzito na zina kelele, hazina mbio, lakini fundi wa kawaida anazimudu na spea zake zinapatikana Gerezani. TD27 huzungusha kamshafti kwa gia. Zile za Toyota hutumia mkanda, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika gari likiwa safarini, valvu hugongana na pistoni, na hapo oveholi haikwepeki. Asiyeweza kuonyesha ushahidi wa lini mkanda ulibadilishwa, gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei yake.

Injini za kisasa, kama D-4D ya Toyota, zina nguvu zaidi na hubana mafuta. Hata hivyo, mfumo wake husukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu membamba sana, na adui yake ni dizeli chafu. Wasomaji wanakumbuka sakata la uchakachuaji: mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ipasavyo. Gari lililopita katika kipindi hicho, au lililonyweshwa dizeli ya kwenye madumu, laweza kumdai mnunuzi nozeli nne na pampu kwa mkupuo mmoja. Kwa mwenye mtaji mdogo, gari kuukuu lenye kumbukumbu za matengenezo ndilo lenye usalama zaidi, hata likiwa na kilomita mara mbili.

Ukaguzi ufanyike asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Boneti ikikutwa na joto, muuzaji ameliwasha gari mapema, na yafaa kujua kwa nini. Moshi wa bluu ni dalili ya injini kula oili. Mweusi mzito huashiria nozeli mbovu au hewa haba. Mweupe usiokoma waweza kuwa wa dizeli isiyoungua, au wa maji yanayopenya gesketi ya silinda hedi. Kisha kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikinguruma: moshi ukitoka kwa kusukumwa, ringi za pistoni zimekwisha.

Chini ya gari ndiko wanunuzi wengi wasikoinama, nako ndiko mzigo huacha alama. Springi zilizoongezewa majani zinaeleza kuwa pikapu ya tani moja ilibebeshwa mbili. Nyufa au kuchomelea kwa juzi kwenye chasisi, hasa zinakoshikwa springi za nyuma, ni sababu ya kuondoka bila kujadili bei. Injini hubadilishwa, lakini chasisi iliyovunjika na kuungwa haiaminiki tena kwa mzigo.

Mwisho ni karatasi. Namba ya chasisi ilinganishwe na ya kwenye kadi, na kadi ihakikiwe TRA kabla ya fedha kutolewa. Muuzaji anayeonyesha nakala tu huenda kadi halisi ameiweka rehani benki, na deni lisipolipwa, benki itaifuata pikapu popote iliko, hata ikiwa mikononi mwa aliyeinunua kwa nia njema.